Siku Tatu Rouen, Kwenda Kusikiliza Radhi ya Zubeda

Nyinyi mlioniuliza, hii ndiyo habari yenyewe. Nimechoka kuisimulia vipande vipande, kwa Rehema garini, kwa Wanjiku kwenye chumba cha chakula kazini, kwa kina mama wa mtaa wa Phillips baada ya sala ya Ijumaa, na kila mmoja anaondoka na kipande chake anakwenda kukirefusha. Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko ukipinda mnivumilie. Mambo ya tiketi na viza sitayaandika, hayana utamu.

Kwa asiyejua chanzo: Kassim Shomvi na mkewe Zubeda, watu wa Dar es Salaam, walinichukua kwetu Bagamoyo nikawafanyie kazi za nyumbani Ufaransa, katika mji wa Rouen, ambako Kassim alikuwa na kazi bandarini. Nawataja kwa majina kwa sababu wao ndio waliofanya, na sijaona faida ya kusema "watu fulani". Waliniambia mwaka mmoja. Nilikaa minne, ghorofa ya tatu, pasipoti yangu kabatini mwao, na wakitoka mlango unafungwa kwa nje. Mji wenyewe niliujua kwa masikio tu: kengele za kanisa kubwa, mvua juu ya bati la uani, na mwuza samaki akinadi Jumamosi. Aliyenitoa ni jirani, mama wa Kifaransa, aliyenisikia nikikohoa ndani siku ya tano tangu wenye nyumba waende likizo, akaita polisi. Baadaye mdogo wangu Asha, aliyekuwa akisomea unesi Minnesota, akanivuta huku. Imepita zaidi ya miaka kumi.

Sasa mwezi wa kwanza mwaka huu simu ikalia. Sauti niliijua kabla haijajitaja.

"Dada Mwajuma? Mimi Zubeda. Nimetia nia, mwaka huu naenda Hija. Naomba radhi, dada, kama nilikukosea, kwa kujua au kwa kutojua."

Miaka minne aliniita "we". Leo nimekuwa dada.

"Sema tu umenisamehe, dada. Neno moja."

Nikamwambia, "Nakuja."

Kutoka kwangu Columbia Heights hadi uwanja wa ndege

Rehema alikuja kunichukua saa nne asubuhi, theluji inaanguka kama vile Machi ni mwezi wa kwanza. Rehema mnamjua, mtu wa dini na anadraivu taratibu, kwa hiyo safari ya nusu saa tukaifanya saa nzima, na saa nzima ananihubiria.

"Mwajuma, mtu akienda Hija akikuomba radhi, unampa. Ndivyo tulivyolelewa."

"Nitampa akiniambia anaomba radhi ya nini."

"Si unajua mwenyewe?"

"Mimi najua. Nataka kujua kama yeye anajua."

"Kwa hilo tu unavuka bahari?"

"Kwa hilo tu."

Tukapita mto. Kisha akasema, "Na akisema hajui?" Nikamwambia basi nitamrudishia radhi yake mkononi aende nayo hivyo hivyo. Rehema akasoma istighfari, akawasha vifuta vioo kasi ya juu kabisa.

Wanjiku naye alikuwa amenipigia kabla sijatoka. Yeye ni Mkenya na Mkristo, mambo ya radhi ya Hija anayasikia kwetu tu, lakini alinena: "Mwajuma, huyo mama usimpigie magoti, na usi-fight. Sema yako, panda ndege urudi. Jumanne tuko shifti moja, na mimi siwezi kusukuma yale matoroli pekee yangu."

Ndani ya ndege iliyosimama

Tuliingia ndegeni tukakaa. Mabawa yalikuwa yameganda. Likaja gari lenye bomba refu, wakaimwagia ndege dawa kama mkorosho. Theluji ikaanguka tena, wakaimwagia tena. Saa mbili unusu tuko pale pale, naona dirishani watu wa mizigo wakirukaruka wapate joto.

Jirani yangu alikuwa mzee mmoja mkulima, mikono mikubwa, mstaarabu. Akaniuliza kama nakwenda matembezi. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, nakwenda kumwona mwanamke aliyenifungia ndani miaka minne. Akafikiri nimekosea kusema. Akanisaidia, taratibu, kama unavyomsaidia mtoto: "Aliyekulea." Nikamwambia hapana, aliyenifungia. Akatikisa kichwa kwa furaha, akasema ni vizuri sana kuwakumbuka waliotulea, akanipa ubani wa kutafuna. Nikaupokea. Safari ya saa nane huwezi kugombana na mtu ambaye kiwiko chake kiko mbavuni mwako.

Chakula kilikuja kuku au tambi. Kuku sikumwamini, nikala tambi, na kijipande cha jibini kidogo kama kidonge. Mzee akanipa na chake.

Paris, na tiketi ambayo haijagongwa

Ndege ilifika imechelewa, treni niliyoikusudia ikawa imekwenda. Nikapanda iliyofuata, tiketi mkononi, nikakaa dirishani nimejitanua. Sikujua kwamba kule kuwa na tiketi hakutoshi. Kuna kimashine cha rangi ya chungwa mwanzoni mwa njia ya treni, inabidi uiingize tiketi mwenyewe igongwe muhuri kabla hujapanda. Usipoigonga ni kama huna.

Mkaguzi alikuja, kijana wa masharubu. Akaigeuza tiketi mbele na nyuma, akaanza kusema. Mimi Kifaransa nilijifunza kwa watoto wa Zubeda, na mnajua watoto wa namna ile: wazazi wanasema Kiswahili, wao wanajibu Kifaransa. Kwa hiyo Kifaransa changu chote ni cha kuamrishwa. Leta. Haraka. Mimi kwanza. Sitaki hiki. Nilitaka kumwambia bwana samahani, mimi mgeni. Kilichonitoka ni, "Haraka, mimi kwanza!"

Behewa zima likageuka. Kijana akawa mwekundu masikioni. Mama mmoja wa Senegali aliyekaa mbele yangu na mfuko wa mihogo alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akamweleza yule kijana maneno marefu, akinionyesha mimi, akionyesha mbinguni, akionyesha mimi tena. Kijana akaandika kitu kwa kalamu kwenye tiketi, akanirudishia, akaondoka. Yule mama akaniuliza kwa ishara nani alinifundisha lugha hii. Nikamwonyesha kimo cha mtoto kwa mkono. Akacheka tena, halafu akanitazama, akaacha kucheka.

Rouen, Ijumaa

Nilitoka stesheni nikaushuka mji kwa miguu. Ngojeni niwaambie ukweli: ni mji mzuri. Hilo lilinikasirisha. Nyumba zake za zamani zina nguzo za mbao zilizochomoza ukutani, nyingine zimeinama zinakaribia kugusana juu ya kichwa chako. Kuna saa moja kubwa ya dhahabu imejengwa juu ya upinde, watu wanapita chini yake na mikate kwapani. Mtaa wa Zubeda hauko mbali na pale. Vyote hivi vilikuwepo siku zile mimi nang'arisha vijiko.

Kanisa kubwa nililifikia karibu na saa sita. Miaka yote nilizitia kengele zile kwenye mnara mfupi mweusi niliouona kwa juu kwa dirisha la jikoni. Kumbe ule ulikuwa bomba la moshi la watu. Mnara wenyewe ni mrefu hauishi, jiwe limechongwa matundu kama kofia ya vito ya kushonwa kwa mkono. Zikalia. Nikakaa kwenye baraza la mawe nikazisikiliza mpaka mwisho, mara yangu ya kwanza kuzisikia bila kuwa na kitu jikoni kinachoungua.

Nikafika kwenye soko la zamani. Pale kuna kanisa jipya lenye paa la ajabu, na kando yake msalaba mrefu. Mtu mmoja anafagia. Nilikuwa nasema peke yangu kuhusu baridi, akasimamisha fagio.

"Mama, uko Mutanzania? Nasikia ile Kiswahili yako ya bitabu."

Alikuwa mtu wa Bukavu. Nikamwuliza msalaba ni wa nini.

"Hapa walimuchoma binti moja, zamani sana. Bakubwa ba Kanisa walisema ni mubaya. Kisha wakasema hapana, ni mutakatifu. Wakamujengea hii."

"Na waliomchoma wanajulikana?"

"Oh, mama! Majina yao yote iko mu bitabu. Watoto banayasoma ku masomo."

Nikamwambia hapo sawa. Akashangaa kidogo, akaniuliza kama nimekula. Akanielekeza kwa Mturuki mmoja anayeuza nyama ya halali kwenye mkate, nikala nimesimama, mchuzi unanitiririka kwenye mkono wa koti.

Ghorofa ya tatu, Jumamosi

Dua ya kumuaga Zubeda, aliyoniambia kwenye simu, ilikuwa baada ya alasiri. Hawajahama, nyumba ni ile ile. Nilizipanda ngazi nikahesabu viatu mlangoni ili nisiutazame mlango. Ulikuwa wazi, watu wanaingia na kutoka, harufu ya iliki na udi. Wanaume sebuleni, wanawake chumba cha pili. Wengi ni Wangazija, na familia mbili tatu za kwetu.

Nimevua viatu tu, binti mmoja mgeni, mzuri, amevaa kanzu ya kijani, akaniona mtu mzima nimefunga kilemba cha kazi, akanitia sinia la sambusa mikononi. "Mama, hizi za wanaume."

Nayo mikono ikalipokea. Sikuiamrisha. Miguu nayo ikaijua njia, kushoto, kizingiti, epuka pembe ya kabati. Nikajikuta nimeinama mbele ya Kassim Shomvi. Amenenepa, ndevu zimekuwa nyeupe. Akachukua sambusa bila kutazama, akaendelea kuzungumza na mwenzake juu ya mambo ya makontena. Kisha akauona mkono wangu. Kuna kovu la mafuta pale, alilijua. Akauinua uso.

"Mwajuma."

"Kula, Kassim. Itapoa."

Nikaliweka sinia sakafuni, nikaenda kwa wanawake.

Zubeda alikuwa amekonda, mweupe kwa nguo nyeupe. Alikuwa anapita kwa kila mtu, anashika mikono, anasema maneno yale: naomba radhi, kwa kujua au kwa kutojua. Nao wanajibu upesi, tumekusamehe, nawe utusamehe, utuombee. Neno hilo linapita kama bakuli la kunawa mikono. Sikuwa na neno na hao. Pengine kweli hakuwakosea kitu ila kuwasengenya kidogo. Akanifikia. Akasita, akanikumbatia, akasema maneno yale yale.

Nikasema, "Taja."

"Dada?"

"Unachoombea radhi. Kitaje."

Akanishika kiwiko. "Dada Mwajuma, twende chumbani tukazungumze sisi wawili."

"Chumbani nilikaa miaka minne. Hapa pazuri."

Kwenye kochi alikuwepo bibi mmoja wa Kingazija, Bi Fatima, mkubwa kuliko sote, anakula vitumbua viwili viwili. Akampiga jirani yake paja. "Wanasema nini hao? Sikio langu la huku limekufa, nisemee."

"Bibi, huyu mama anataka bi Zubeda ataje makosa."

"Basi ataje! Mimi nikiombwa chumvi nauliza ya kiasi gani. Ataje, lakini kwa sauti."

Zubeda akatazama chini. Akasema kitu.

"Sijasikia," akasema Bi Fatima.

"Nilikuwa namfungia mlango," akasema Zubeda. "Tukitoka. Miaka yote."

Binti wa kanzu ya kijani akaweka kikombe chini.

"Endelea, mwanangu," akasema Bi Fatima.

"Nilimfichia pasipoti. Nikamwambia akitoka nje polisi watamtia jela, na haikuwa kweli."

Kassim alikuwa amesimama mlangoni. "Zubeda, inatosha. Na wewe Bi Mwajuma, ni mtu mzima, usimwaibishe mwenzio siku ya dua. Haya yalikwisha zamani."

Nikamwambia, "Kassim, wewe hujaniomba kitu, kwa hiyo sina la kukujibu." Nikamgeukia mkewe. "Bado moja."

Hapa ndipo nilipolipia nauli yote ile. Nilimtazama machoni nikitafuta kama lipo. Nilikuwa nimejiandaa kwamba hatalijua, kwamba nitalitaja mimi na yeye atashangaa, atasema hakumbuki. Akaanza kulia kabla hajasema, nikajua lipo.

"Telegramu," akasema. "Ya mama yake. Ilikuja Jumatano kwamba mama yake amefariki. Ijumaa tulikuwa na wageni. Nikasema nitamwambia wageni wakiondoka. Wakaondoka. Nikasema wiki ijayo. Kila siku likawa zito kuliko jana yake. Miezi minane sikumwambia. Na barua zilizokuja nilizichana, kwa sababu zilikuwa za pole."

Akafuta uso kwa mtandio.

"Alikuwa anaimba jikoni," akasema. "Mama yake amezikwa, naye anaimba anakuna nazi. Nilikuwa nasikia. Nikawa nafunga mlango wa sebule nisisikie."

Hilo la mlango wa sebule sikulijua. Miaka yote nilidhani hakusikia, au alisikia na haikumgusa. Nikakaa sakafuni, na yeye akakaa mbele yangu.

Nikamwambia, "Zubeda. Kunifungia mlango, nimekusamehe. Pasipoti, nimekusamehe. Uongo wa polisi, nimekusamehe. Mbele ya hawa wote. Lakini la telegramu si langu kulitoa. Mama alikufa akiniuliza, na mimi sikumsomea hata Fatiha, sikukaa tanga hata siku moja. Hilo ni lake yeye."

"Amesema nini?" akauliza Bi Fatima.

Jirani yake akafungua mdomo amweleze, Zubeda akamtangulia. Akainua uso, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanaume: "Amesema matatu amenisamehe, bibi. La nne hapana."

Bi Fatima akafikiri, anatafuna. "Amekupa nyingi. Mie ningekupa moja. Nimiminie chai."

Wawili watatu wakacheka, wale wanaocheka wakiwa na machozi karibu. Dua ikaendelea. Nilikaa mpaka mwisho nikasema amina kama wengine.

Zubeda alinisindikiza kwenye ngazi. Akanishikia koti nitie mikono, jambo ambalo mimi ndiye niliyekuwa nikimfanyia. Tulipofika chini akauliza, "Nikifika kule, mbele ya Kaaba, mama yako nimwombe vipi? Nimwambie nini?"

Nikamwambia, "Sijui. Mimi mwenyewe sikupata kumwambia kitu."

Akasimama pale na nguo zake nyeupe mpaka nilipokata kona.

Kurudi, Jumapili

Safari hii tiketi niliigonga mara mbili, ya pili kwa woga tu. Ndege haikuchelewa. Nilikaa na msichana wa chuo aliyelala njia nzima na kichwa chake begani kwangu, sikumwamsha. Minneapolis theluji ilikuwa imeshaanza kuwa tope.

Rehema ananiambia ningemalizia na la nne, ningekuwa mwepesi zaidi. Huenda. Wanjiku anasema hata yale matatu yalikuwa mengi. Nimewasikia nyote. Kama Zubeda alikwenda Hija au alibaki sijui, sijauliza, na msiniletee habari.

Nilichokiona ni hiki. Miaka yote hii mama sijamsomea hitima. Kila nilipotaka kutandika mkeka, Zubeda alikuwa anatangulia kukaa juu yake: namfikiria mama, naiona telegramu, nawaona Kassim na mkewe, mama anapotea. Tangu nirudi nimemfikiria mama mara kadhaa na hakuna mwingine aliyeingia. Nimemwona anavyofunga khanga kwa upande wa kushoto. Nilikuwa nimesahau kwamba alifunga kushoto.

Kwa hiyo Jumapili hii baada ya adhuhuri, nyumbani kwangu, nasoma hitima yake. Kina mama wa Phillips, juzuu mtagawana mkifika. Rehema, lete wasiokuwa na gari. Wanjiku, nawe uje, utatusaidia pilau, na usitie nyanya. Mama yangu aliitwa Mwanahawa binti Omari, wa Bagamoyo. Alikuwa mfupi, mkali wa mdomo, na akisuka ukili hataki kusemeshwa. Njooni nimwongelee.